Sumaku na Sauti ya Mama

Mama alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya nyumba yetu ya kupanga mtaani Nyalenda, upande usiopigwa na jua la mchana, na chini ya cherehani hiyo ndiko alikokulia mdogo wangu. Watoto wengine walibebwa mgongoni. Yeye alikaa pale chini, kando ya miguu ya Mama iliyokuwa ikikanyaga, akichezea vipande vya kitambaa cha kijani na cha samawati, haongei neno. Alichelewa kutembea, akachelewa kusema, mpaka majirani wakachoka kuuliza. Hata sasa anapokaribia kuwa mwanaume, kamba za viatu namfungia mimi.

Alipoanza kusema, hakuanza kama watoto wanavyoanza. Alianza na cherehani. Mama alikuwa ameenda bombani kupanga mtungi kwenye foleni, nami niko ndani nachambua sukuma wiki, nikasikia cherehani inalia veranda. Nikatoka nikijua Mama amerudi. Hakuna mtu. Ni yeye, ameketi chini, midomo ameibana, mlio unatoka puani. Mlio uliponyamaza akasema kwa sauti ya mteja wetu mmoja, mama mwenye duka aliyehamia kutoka upande wa Murang'a, na lafudhi yake yote, "Fundi, hii sketi ni fupi, mwalimu atarudisha mtoto nyumbani." Kisha kwa sauti ya Mama, "Mwalimu anataka sketi ama anataka gunia?" Kisha kicheko cha wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Kisha cherehani.

Nilikimbia bombani bila viatu.

Baada ya hapo hakuna kilichompita. Aliposikia kitu mara moja, kilikuwa chake. Matangazo ya vifo ya redioni aliyasema na majina ya wakwe na mashemeji kwa mpangilio wao. Mpira wa Jumamosi aliurudia Jumapili baada ya kanisa, mchezo mzima, pamoja na kelele za watazamaji na ile sehemu mitambo ilipokwama na redio ikalia shhh. Vijana waliokosa betri walikuja kukaa kwenye ngazi yetu. Walimwita Redio.

"Redio, tupe mpira bwana! Lakini ruka mpaka goli."

Hakuna kuruka. Ukimkata katikati alianza upya, tangu wimbo wa kufungulia kipindi. Kuna kijana alijaribu mara mbili, wenzake wakamtoa kwa kola. "Wewe kaa! Utatuletea kipindi cha kwanza mpaka giza."

Lakini ukimuuliza nani ameshinda, alikuangalia tu. Kushinda ni nini? Alikuwa na maneno yote ya mchezo, na mchezo wenyewe haukumhusu. Mama hakuona ajabu. Alisema kila mtu anapewa mfuko wake, wa huyu umeshonwa bila tundu.

Mama alifariki nikiwa darasa la sita. Aliugua muda mfupi, sitaki kuandika zaidi kuhusu siku hizo. Tulimzika nyumbani kwa Baba, ng'ambo ya Sondu, mvua ikinyesha.

Wakati ule watu wa kwetu walikuwa wakitumiana salamu kwa kaseti. Ukiwa na ndugu wa mbali, unakaa mbele ya redio kaseti, unabonyeza kifungo, unaongea mpaka upande mmoja uishe, unampa msafiri. Mama alikuwa amemrekodia dada yake aliyeolewa Mombasa, kaseti nzima, na kabla haijaenda akampelekea mjomba atoe nakala. Mjomba ni mdogo wake Mama, fundi wa redio, kibanda chake kiko Kibuye sokoni. Ndipo Mama akaugua, na kaseti ikabaki pale kibandani.

Baada ya mazishi nilienda na Baba kuichukua. Mjomba akaipata juu ya spika kubwa ya mtu wa muziki wa matanga, iliyokuwa imepinduliwa ikingoja kutengenezwa. Akaiweka kwenye redio. Ikatoka sauti kama mvua inayonyesha mbali. Akageuza upande wa pili, mvua ile ile. Akaigusa spika nyuma, kwenye duara jeusi, bisibisi ikavutwa mkononi mwake ikanata tap!

"Ni sumaku," akasema. "Sumaku imemfuta."

Mazishini sikumwona mjomba akilia. Pale kibandani alilia, wateja wakimwangalia.

Basi mnielewe nilivyokuwa siku ile, majuma machache baadaye, nilipotaka kushona kifungo cha sare yangu. Mimi ni mtu wa aibu. Darasani mwalimu akiuliza kitu ninachokijua, moyo unanipiga mpaka mwingine ajibu. Nyumbani niliongea na Mama tu, na sasa nilikuwa naongea peke yangu. Nikasema tu, bila kumwambia mtu, "Lete uzi mweusi." Kutoka chini ya cherehani Mama akajibu, "Mweusi umeisha, chukua huo wa bluu, nani atakuchungulia kwapani?"

Nililala kifudifudi pale sementini. Mdogo wangu akaendelea. Ilikuwa alasiri moja nzima ya zamani, na mkasi ukikata, na Mama akipiga chafya, na mimi mwenyewe nikiwa mdogo nikiuliza mambo ya kijinga. Alimpatia Mama sawasawa kwa kila kitu, hata ule mkwaruzo mdogo kooni akianza sentensi.

Kila siku nikitoka shule nilikuwa nasema "lete uzi mweusi", nikakaa. Sikumwambia mtu. Niliogopa watasema ni mapepo, na kusema kweli, niliogopa zaidi kwamba watataka kusikiliza nao.

Aliyetugundua ni waya, yaani shangazi, dada yake Baba, aliyekuja kukaa nasi baada ya msiba. Waya ni mtu wa kanisa, wa kitambaa cheupe na ngoma. Aliingia na sufuria ya maji, akasikia marehemu anacheka veranda, sufuria ikaanguka.

"Yaye! Nani ameleta mtu wa kaburi kwa hii nyumba?"

"Ni yeye, waya," nikasema. "Anakumbuka tu."

Akasimama na mkono kifuani. Mdogo wangu aliposikia kishindo cha sufuria akaanza upya, na waya akasikia toka mwanzo. Polepole akakaa kwenye ndoo. Mwishowe akajipangusa macho na kitambaa chake cha kanisa, akasema, "Alikuwa anapenda kucheka, huyo mwanamke." Tangu jioni hiyo tulisikiliza wote, hata Baba, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma bandarini na alikuwa akirudi na macho mekundu ya moto wa kazi, kwa hiyo hukuweza kujua kama amelia.

Nikiwa darasa la nane mdogo wangu akaanza kuanguka. Mara ya kwanza tulidhani ameteleza. Mara ya pili mwili wote ulitetemeka, akaangukia jiko la makaa, mkono ukaungua mpaka kiwiko. Baba akambeba mpaka hospitali kuu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye viatu vya chini. Alipomfunga bendeji, mdogo wangu alimsomea foleni yote ya nje, wagonjwa walivyokuwa wakimsengenya: "Huyo daktari mdogo hivyo, amemaliza shule kweli?" Daktari akacheka mpaka akaweka mkasi chini. Halafu akaacha kucheka. Akauliza alianza kutembea lini, alianza kusema lini, kama anaweza kufunga vifungo. Akamwambia Baba kifafa lazima kitibiwe, na anataka kwanza kuona ubongo wake ulivyojengwa. Mashine ya kuona iko Nairobi.

"Mashine ya namna gani, daktari?"

"Ni kama sumaku kubwa sana, Mzee. Mgonjwa analala ndani, inapiga picha. Haiumi."

Baba akaturudishia maneno hayo jioni, tukiwa tunakula. Mjomba alikuwepo.

"Umesema sumaku, shemeji?"

"Daktari ndiye amesema."

"Kubwa?"

"Mtu mzima anaingia analala."

Mjomba akasukuma sahani. "Huyo mtoto haendi."

"Wewe na spika zako," waya akasema. "Kichwa ya mtu ni kaseti?"

"Kichwa yako si kaseti, waya, wewe hata chumvi umeweka mara mbili hapa. Hii ya huyu ni kitu gani? Umeona kichwa gani inashika namna hii? Ile sumaku ya spika ni kama kisahani cha chai, na imemaliza dada yangu siku chache. Sasa hii ya kulala ndani!"

Hakuna aliyecheka. Ukisoma haya leo labda utacheka, na mimi nacheka, lakini tulikuwa tumeona kaseti kwa macho yetu. Baba mwenyewe, anayeshika chuma kila siku na kujua sumaku inavyofanya, alibaki akiligeuza tonge mkononi. Jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu pale mezani. Asipoenda, siku moja ataangukia moto tena au maji na hatutakuwepo. Akienda, huenda akarudi mtupu, na Mama ataondoka mara ya pili, safari hii bila hata kaburi.

Niseme ukweli, nilikuwa upande wa mjomba. Nilitaka abaki.

Baba akanawa mikono. "Nimezika mmoja," akasema. "Sitazika wa pili kwa ajili ya sauti."

Basi mjomba akaja na redio kaseti yake bora na kaseti mpya ndani ya nailoni. Kama ni kufutwa, tutoe nakala kwanza. Akamweka mdogo wangu kwenye kiti, akafukuza kuku, akabonyeza.

"Haya, Redio. Tupe Mama."

Mdogo wangu akampa tangazo la sabuni. Akampa hali ya hewa ya maeneo ya ziwa. Akampa tangazo la kifo la mzee mmoja wa Sondu, wake wanne na wajukuu wote.

"Si huyo!" Mjomba akashika kichwa. "Huyu mtoto anaanzishwa na nini?"

Wote wakanigeukia. Waya alikuwa anajua, Baba alikuwa anajua. Jirani walikuwa wamejaa ukutani. Nikaona uso unawaka. Maneno matatu tu, na hayakutoka.

"Sema basi, nyathina," waya akaninong'oneza, maana yake mtoto wangu. "Kwani ni hotuba?"

Nikasema, kwa sauti ya panya. Mjomba akasema, "Paaza!" Nikasema tena nikifunga macho, na Mama akaja. Lakini hakuja na alasiri niliyoizoea. Alikuja na nyingine kabisa, akiongea na mteja: "Huyo dada yake bwana yangu akija hapa, hata kipande cha sabuni hajabeba, lakini kuimba anaimba mpaka watoto wanaota wamekufa."

Jirani wote wakamgeukia waya. Waya akajiweka sawa kitambaa. Halafu akaanza kutikisika, tukadhani ni hasira, kumbe ni kicheko. "Ni yeye! Ni yeye kabisa! Alikuwa anasema hivyo nikisikia!" Na kwenye kaseti hiyo kuna kicheko cha waya juu ya sauti ya Mama, na jirani wakipiga makofi, na kuku aliyerudi.

Walipanda gari moshi siku iliyofuata, Baba na waya na mdogo wangu. Nikabaki na mjomba. Alipocheza kaseti, Mama alitoka na sauti nyembamba ya haraka haraka, kama ndege. Betri zilikuwa zimechoka wakati wa kurekodi, mkanda ukazunguka polepole, na sasa kwa betri mpya ulikuwa unakimbia. Mjomba alikandamiza gurudumu la mkanda kwa kidole kuupunguza mwendo. Ikawa sauti ya mlevi. Tukaizima.

Waliporudi, mdogo wangu alikuwa kimya.

Waya alisimulia kwa niaba ya wote. Chumba baridi, pini zote za kichwa zinatolewa. Baba alizuiliwa mlangoni, kwa sababu walimuuliza kama amewahi kuingiwa na chembe za chuma machoni, naye akawaambia wamuulize ni siku gani hazijaingia. Kwa hiyo waya ndiye aliyesimama ndani akimshika mtoto mguu, akiimba kimoyomoyo, na mashine ikipiga kelele kama watu wanabomoa mabati. Mtoto alitulia kama yuko kanisani.

Tangu hapo hakusema kitu. Alikula, alikunywa vidonge vyake vipya, alilala sana. Nilingoja wote watoke, nikakaa mbele yake, nikasema lete uzi mweusi. Aliniangalia vizuri, kwa upole, kama mtu anayeangalia ziwa. Nikasema tena na tena. Nilienda nyuma ya choo nikalia. Mjomba alikuja, akamwangalia mara moja tu, akaondoka bila chai.

Halafu ikawa Jumapili alasiri, waya akipepeta mchele. Pale veranda pakalipuka: ga-ga-ga-ga-ga! Jirani mmoja akatoka kuona nani anabomoa ukuta. Mdogo wangu ameketi, macho juu, mishipa ya shingo imesimama. Ga-ga-ga-ga. Kisha mlio mwingine, mrefu, kama nyuki ndani ya bomba. Kisha ga-ga tena.

Waya akaachia ungo. "Ni yenyewe! Ile mashine ya Nairobi!"

Hakuna aliyethubutu kumkata. Tulikaa tukasikiliza mashine nzima, toka kuwashwa hadi kuzimwa, na katikati mwanaume akisema kwa Kiswahili cha Nairobi, "Usijitingishe, kijana, bado kidogo." Kijana mmoja alikimbia Kibuye kumwita mjomba, akafika anahema, mashine bado inapiga. Ilipozimika tukamtazama mdomo. Mdogo wangu akameza mate. Ikaanza cherehani, halafu Mama, na mkwaruzo wake wa kooni, akimlaumu mtu kwa kumpotezea mkasi.

Mjomba alipiga magoti pale kwenye mchele. "Sumaku imeshindwa!" akapiga kelele. "Imekuja kufuta, imerekodiwa yenyewe!"

Baadaye nilienda na Baba kwa daktari kusomewa picha. Aliziweka kwenye ubao wa taa, nikauona ubongo wa mdogo wangu, wa kijivu, umekunjwa kunjwa. Daktari alisema ubongo una nusu mbili, na kati yake kwa kawaida kuna kitu kama daraja, nyuzi nyingi nene za kupitisha habari huku na huku. Akatuonyesha kwa kalamu mahali daraja lingekuwa. Palikuwa peusi. Alizaliwa bila hilo daraja.

"Ndiyo sababu anakumbuka?" Baba akauliza.

"Sijui, Mzee. Wapo wengi wasio nalo, na hawakumbuki kuliko wewe na mimi. Kwa wachache kama yeye, huenda ubongo ulijitafutia njia zake. Kwa hakika hakuna anayejua."

Nilipenda alivyosema hajui. Nikamuuliza swali, mimi mwenyewe, mbele ya mtu mgeni: je, inaweza kupotea? Akasema haoni kwa nini, vidonge vitamlegeza kidogo tu mwanzoni. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi.

Nikaenda sekondari ya bweni. Kila likizo nilishuka basi Nyamasaria, nikakimbia na sanduku langu mpaka Nyalenda, na kabla ya kuvua viatu nilikaa chini ya cherehani. Kuanguka kulikuwa kumepungua sana. Mama alikuwa palepale. Nilimwambia habari za shule wakati akishona, hata kama majibu yake yalikuwa ya maswali ya miaka mingine.

Likizo ya Desemba ya kidato cha pili nilipofika, nilimkuta mdogo wangu amenipita kimo. Nikasema maneno yangu. Cherehani ikalia vizuri. Halafu Mama akaanza sentensi kwa sauti yake, ikakatika katikati, ikaanguka chini kama ndoo kisimani, ikamalizia kwa sauti ya mwanaume. Alisimama. Akaanza upya, ikakatika tena palepale.

Waya akachungulia dirishani. "Anabaleghe tu," akasema. "Ni mvulana, ulidhani atakaa hivyo?"

Sumaku ile kubwa tuliiogopa sote. Hili hakuna aliyelifikiria. Mwaka uliofuata sauti ilikuwa imetulia, nzito, ya baba yetu kabisa. Maneno yote yalikuwepo, chafya ilikuwepo, lakini aliyepiga chafya alikuwa mwanaume. Watu wengine walisikiliza wakaridhika. Yeye hakuridhika. Alikuwa anafika sentensi ya pili anajikata mwenyewe, anatikisa kichwa, na mtu ambaye hajawahi kuvumilia kukatwa sasa alikuwa hamalizi kitu.

Likizo hii iliyopita, nikiwa kidato cha nne, nilikuwa veranda nasoma. Akaja akasimama mbele yangu. Akasema, kwa sauti yake ya sasa, kwa Kijaluo cha Mama, "Anueni nguo! Mvua imeshavuka ziwa, nyinyi mmekaa tu!" Halafu akaninyooshea kidole.

"Nini?" nikasema.

Akasema tena. Akaninyooshea kidole mdomoni.

Nikaangalia huku na huku. Bombani kulikuwa na foleni, watu wanaona. Nikasema maneno yale chini chini.

"Hapana," akasema. "Tena."

Nikasema.

"Hapana. Juu." Akanionyesha panapopanda, na pale Mama alipovuta pumzi. Nikasema. Hapana. Mtu mmoja wa foleni akauliza kama tuna wazimu leo. Nikasikia aibu inapanda mpaka masikioni, na nikaiacha ipande. Nilikohoa kidogo, kumbe ndio ule mkwaruzo, nikapiga kelele kwa nguvu zote, Anueni nguo!

Akafumba macho. Hakusema hapana.

Halafu akageuka, akaenda kwenye kamba, akaanza kuanua nguo, shuka la waya, suruali ya kazi ya Baba, sketi yangu. Jua lilikuwa kali na nguo bado zinadondosha maji. Nilichukua karai nikamfuata.